Mama Yangu Alilazwa Kwenye Bati, Kiti cha Mbele Kikiwa Kitupu

Admin, ficha jina langu, ingawa watu wa mtaa wetu wa Bel-Air wakisikia tu habari ya gari lenyewe watanijua. Nina miaka thelathini na mmoja, ni Muluba, mzaliwa wa hapa hapa Lubumbashi. Nimeolewa na mfanyabiashara wa Kivu Kaskazini, mtu wa kanisa kweli kweli, na tuna mtoto mmoja wa miezi minne. Sitafuti huruma. Nina hasira, na nyumbani hakuna anayetaka kuisikia.

Mume wangu alikuwa anauza bidhaa za jumla alizotumiwa na ndugu zake wa kule kwao. Vita vilipoufikia mji wao, depo likafungwa, lori letu likabaki huko huko, na biashara ikafa. Zilibaki pesa kidogo. Mimi nilifikiri atanunua hata kitaksi kichakavu kitulishe. Siku moja akarudi kutoka mtaa wa Karavia na kigari cha zamani kuliko ndoa yetu, kifupi, milango miwili ya pembeni na mmoja wa nyuma. Kijana aliyekuwa nacho alikuwa anahama nchi, akamwachia kwa bei ya kutupa. Kilikuwa kimeshushwa mpaka tumbo linakwaruza kila shimo la barabara yetu, na bomba la moshi lilinguruma hadi mtoto akawa anashtuka usingizini. Ndani, viti vya nyuma hakuna. Eti vilitolewa ili gari liwe jepesi, likimbie. Kulikuwa na bati tupu na vyuma viwili vimekatiza. Nikamuuliza familia itakaa wapi. Akanijibu kwamba gari la namna ile si la kukaa, ni la kuwauzia wanaojua, na wanaojua wangelipa mara mbili. Hao wanaojua sijawaona mpaka leo. Nilichoona ni yeye mwenyewe, kila Jumapili baada ya ibada, amefungua boneti anawaonyesha vijana mashine, anacheka, wakati mimi nakopa unga dukani. Kila nilipoomba viti alisema viti vya aina ile havipatikani mji mzima.

Sasa mjue jambo moja. Kwetu Waluba kuna heshima ya buko. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai karibu, hawali pamoja, hata kusalimiana ni kwa mbali, uso umegeuzwa. Mama yangu alikuja kutoka kwake, mtaa wa Katuba, kunisaidia na mtoto, akalala kwenye chumba cha uani, na mume wangu akipita yeye anaingia ndani. Mume wangu aliyajua hayo yote tangu siku ya mahari. Alikubali mwenyewe mbele ya wajomba zangu.

Asubuhi moja milio ya risasi ilisikika upande wa mjini. Maduka yakafungwa, taksi zote zikajificha, hata moto, zile pikipiki za abiria, hakuna. Na ndiyo asubuhi hiyo mama alianguka uani, mdomo umepinda, mkono mmoja hausogei, lakini akili anazo na maneno yanatoka kwa shida. Majirani wenye magari walikataa kutoka. Likabaki lile gari letu la viti viwili. Mimi siendeshi, kwa hiyo dereva ni mume wangu, na kiti kinachobaki kiko ubavuni mwake. Mume wangu akamfungulia mlango wa mbele. Mama akashika nguzo ya nyumba.

"Miye na mukwe wangu, bega kwa bega? Apana. Munilalishe nyuma."

"Mama, ingieni tu. Mungu haangalie mambo ya kiti," mume wangu akasema.

Kwa buko mama hata kumjibu mkwe hawezi; akanionyesha mimi mlango wa nyuma. Tukamlaza nyuma, juu ya bati, kitenge kimoja chini yake. Mtoto nilimwachia jirani, nikaingia nyuma pia, nikachuchumaa kati ya vile vyuma nikashika kichwa chake. Mbele kiti kitupu. Kila shimo lilimpiga mgongoni, na bomba lile likinguruma hata sikusikia kama analia. Kwenye kizuizi askari walichungulia ndani, mmoja akauliza tumebeba mzigo gani.

Mama hakufa. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungempoteza, na mume wangu amelishika neno hilo kama risiti. Wajomba wamemwomba mbuzi na kitenge, aje Katuba aombe msamaha kwa kumfikisha mama kwenye aibu ile ya kulazwa juu ya bati. Amekataa. Anasema huo ni upagani, na kwamba yeye ndiye aliyeokoa maisha. Mbele ya wajomba zangu akatamka: "Hata mama yangu mwenyewe ningemubeba vile."

Basi sikilizeni. Mama yake amefanikiwa kukimbia vita, anafika Jumamosi kwa ndege. Wiki hii mume wangu alimleta fundi, wakakata vile vyuma, wakafunga viti vya nyuma, vizuri, na mikanda yake. Viti ambavyo havikupatikana mji mzima. Ananiambia nivae vizuri, nikae nyuma na mtoto, twende uwanjani kumpokea bibi.

Na Jumamosi hiyo hiyo wajomba zangu wanakuja kunichukua mimi na mtoto, mpaka atoe mbuzi. Mama mkwe wangu hajanikosea kitu. Ni mzee, amepoteza nyumba, hajawahi hata kumwona mjukuu wake. Lakini mama yangu mpaka leo analishwa kwa kijiko, na aliponiona juzi aliniuliza kwa ule mdomo wake uliopinda kama mkwe wake amesema chochote. Nikamdanganya kwamba amesema pole.

Jamani nishaurini, ninyi wenye waume na wenye mama. Jumamosi nifanye nini? Niende uwanjani, nikakae kwenye kiti kile?