Koti la Diwani

Kefule! Mpaka leo nikipita kwenye nyumba za diwani natema mate, na sijali nani ananiona.

Shangazi yangu alikuwa dobi. Amefua mashuka ya watu tangu mimi sijazaliwa. Magoti yalipomgomea, akaamua kupangisha nyumba yake kwa wageni wa siku mbili tatu, naye apumzike. Mara halmashauri ikatoa sheria: kibali anapewa mwenye nyumba anayelala humohumo na wageni wake. Shangazi akacheka. "Kwani mimi nalala wapi kwingine, mwanangu?"

Kosa lake ni utu. Mgeni hamlazi pabaya hata umshikie kisu. Akawaachia chumba chake chenye dirisha kubwa, na kitanda, na kabati. Yeye akahamia stoo, akatandika godoro kati ya gunia la mkaa na ndoo za kufulia. Asubuhi analikunja na kulificha, wageni wasione.

Akaja mkaguzi, bwana mmoja ananukia marashi mpaka kichwa kinauma. Akafungua milango yote.

"Mama, chumba chako kiko wapi?"

"Si hiki hapa, baba." Akamwonyesha stoo.

"Sioni kitanda, sioni nguo. Wewe hulali hapa."

"Jamani! Ngoja basi nitandike uone." Akapiga magoti, yale magoti mabovu, anahangaika kulikunjua godoro. Mkaguzi alishatoka nje, anajipangusa vumbi la mkaa. Kibali akanyimwa.

Sasa sikia uchafu wenyewe. Diwani, ambaye ndiye aliyeipigia debe sheria hiyo, ana nyumba tano mtaani kwetu na hakuna hata moja anayolala. Analala kwa mkewe, mji mwingine kabisa. Ila kila nyumba katundika koti chumbani, na chini yake kapanga ndala. Mkaguzi kaona koti, kagonga muhuri. Jitu zima linalala nyumba tano kwa mpigo na hakuna aliyeuliza!

Shangazi angekula nini? Akarudi kufua, na mwenye mashuka sasa ni huyohuyo diwani.

Juzi nikamfuata kwenye mojawapo ya zile nyumba nimsaidie kubeba ndoo. Nikamkuta chumbani, kapiga magoti, anafuta vumbi kwenye ndala. Koti alishalipiga pasi.

"Shangazi! Achana na takataka hizo!"

"Kesho wanakuja kukagua," akasema bila kuniangalia. "Wakimfutia vibali, mimi nitafua mashuka ya nani?"