Kiti cha Marehemu

Mtu mwenye akili timamu humwonea wivu jirani, au yule muuza duka mwenye meno meupe na maneno matamu. Bwana Kipimo alimwonea wivu marehemu. Na ubaya wa marehemu ni kwamba hafanyi kosa jipya ukapata pa kumshikia.

Kazi yake ilikuwa kuchora magofu, na jina hilo walimbandika wenzake ofisini, maana hata kikombe cha chai alikiweka mezani kama anayepima. Safari hii walitumwa kuchora mabaki ya mgodi wa zamani wa dhahabu kando ya kijito, kabla barabara mpya haijapita juu yake: mdomo wa handaki, mfereji wa kuoshea mchanga, msingi wa mashine ya kusagia mawe, na safu ya vyumba vya wachimbaji. Kitakachochorwa kitabaki kwenye karatasi. Kisichochorwa, basi tena.

Na katika chumba cha mwisho cha safu ile ndimo mkewe alimoanzia maisha ya ndoa, na mume wa kwanza.

Mume huyo, mchimbaji aliyeitwa Nyundo, alikufa kwa ugonjwa wa kifua mgodi ulipofungwa. Bwana Kipimo alimwoa mjane baadaye, wakazaa, wakasomesha, wakaota mvi pamoja. Mkewe hakuwa na mazoea ya kumtaja marehemu. Mara moja tu, siku za mwanzo, wakikunja nguo, aliulizwa akajibu, "Alinijengea kiti cha mawe nje ya mlango. Jioni tulikuwa tunakaa pale tunatazama maji." Akaendelea kukunja shuka.

Maneno hayo yalimkaa Bwana Kipimo kama mwiba wa samaki kooni. Cherehani alimnunulia. Bati alibadilisha. Lakini kiti? Hakuwahi kumjengea hata kigoda.

Asubuhi moja aliwatangulia wenzake mgodini, akakiona. Alitarajia kukuta kifusi. Akakuta mawe mawili yamesimama wima, la bapa limelala juu yake, na moja la kuegemea mgongo, yote yameshikana bila saruji, hata jani la nyasi halipenyi. Fundi huujua mkono wa fundi. Kumbe mwanamke huyu alipendwa hivi! Roho ya kwa nini ikampanda mpaka kooni. Katika kazi yao, kusogeza hata kokoto kabla haijachorwa ni haramu, na yeye ndiye aliyewafundisha wengine haramu hiyo kwa kelele. Akaweka ubao wake wa kuchorea chini, akayang'oa mawe moja moja, akayaviringisha kijitoni.

Asichokijua ni kwamba Mkuu wa kazi, binti msomi wa umri wa mtoto wao wa kwanza, alikuwa amempigia simu mkewe. Walioishi pale mgodini walikuwa wametawanyika au wamekufa, naye ndiye aliyepatikana. Haukupita muda gari la ofisi likamshusha pale pale, kanga begani, akaanza kuonyesha: hapa jikoni, hapa kamba ya nguo, hapa tulikuwa tunaweka mtungi. Mumewe alifuata nyuma, jasho linamtiririka.

"Na hapa nje ya mlango, mama?" Mkuu aliuliza. "Udongo huu mbona mbichi? Palikuwa na kitu?"

Mkewe alitazama chini. Sisimizi walikuwa bado wanahamisha mayai yao. Kisha akaitazama mikono ya mumewe, iliyochubuka vidole. 

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hapakuwa na kitu."

Miaka yote Bwana Kipimo alitamani kuyasikia maneno hayo. Sasa ameyapata, tena mbele ya shahidi, na yalimchoma kuliko kiti chenyewe. Mke amekitupa cha kwake ili amsitiri yeye, mtu mzima mwenye wivu wa kitoto. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Palikuwa na kiti," alisema. "Nimekitoa mimi asubuhi hii. Kiko kijitoni."

"Wewe, mzee? Wewe unayetugombeza tukikanyaga tu ukuta?"

"Mimi."

"Kwa nini sasa?"

"Wivu, Mkuu."

Binti wa watu akaenda kukagua mfereji ambao ulikwishakaguliwa.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mawe yanazoleka. Bwana Kipimo alikunja suruali, akaingia kijitoni. Mkewe alisimama ukingoni, hakumsaidia wala hakumpa pole.

"Siyo hilo. Hilo la kijito. Lile lenye ufa."

"Jioni mlikuwa mnazungumza nini hapo?" mume aliuliza, kainama majini, maana wivu haufi kwa kulowa.

"Bei ya unga," mkewe alijibu. "Siku nyingine hatuzungumzi kitu."

Hilo la pili lilimuuma zaidi. Aliyabeba mawe yote hata hivyo, akasimamisha mawili, akaegemeza la mgongo, akalaza la bapa juu. Mkewe akakaa. Akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia.

"Kinayumba," alisema. "Chake hakikuyumba."

 Bwana Kipimo akarudi majini kutafuta kijiwe chembamba cha kutilia chini.