Ule Waya Nilioukata

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni la kwendea misa. Duka lilikuwa hapahapa Sumbawanga mjini, na Fundi Mkuu alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza, "Dada, umekuja kununua au kufanya kazi?" Nikasema kufanya kazi. Akanipa tesita, ile bisibisi yenye kitaa kidogo kinachowaka ikigusa umeme, akaniambia nipime soketi ya ukutani. Niliishika kwa ncha za vidole kama nyoka, wenzangu wakacheka. Nawaambieni mapema, vijana, nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini na sijaacha kuuogopa umeme hata siku moja.

Tulikuwa tunafunga seti za sinema majumbani. Risiva ndiyo sanduku ambalo vyote vinakutana: king'amuzi, deki, televisheni, spika. Kila kifaa kina tundu lake kule nyuma, halafu picha inatoka humo kwenda kwenye televisheni. Mwanzoni tulitumia nyaya tatu, wa njano wa picha, mwekundu na mweupe wa sauti. Baadaye ikaja kebo moja ya HDMI inayobeba vyote, watu wakadhani ufundi umekwisha. Wapi! Spika ina chanya na hasi; geuza moja tu uone, besi inapotea na mteja anakuita tapeli. "Waya kwanza, umeme mwisho!" Fundi Mkuu alikuwa akitukaripia, yaani usichomeke kwenye soketi mpaka umalize kuunganisha vyote. Hilo alinifundisha vizuri.

Kuna jingine pia alinifundisha. Ukishaunganisha vifaa vingi, na dishi liko juu ya bati, spika zinaweza kuanza kuvuma, mmmm, bila kupumzika. Kutafuta chanzo chake ni kazi ya nusu siku. Fundi Mkuu hakuwa na nusu siku. Alifungua plagi ya ekstensheni iliyolisha seti nzima, akakata waya wa kijani na njano, akaifunga tena na kuizungushia utepe mwekundu. Kimya. Waya huo tunauita ethi, na kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme ukivuja.

"Na ukivuja je, Fundi?" nikamuuliza.

"Mteja ananunua sauti, dada. Ardhi anayo shambani kwake."

Nikacheka. Jamani, nilicheka! Na nikaenda kufanya vilevile.

Nikahamishiwa tawi la Laela, chini ya Mkuu wa Tawi, mama mmoja mpole aliyejua kuuza kuliko kufunga. Kufunga kukawa juu yangu. Nilifunga kwa wanunuzi wa mahindi, kwa walimu, kwa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Penye mvumo nilikata. Sifa zangu zikaenea: seti za Mama Fundi, ndivyo walivyoniita, hazivumi.

Asubuhi moja ya mvua simu ikaita. Alikuwa Baba Kulwa, mfugaji niliyemfungia risiva kubwa yenye bodi ya chuma. "Mama Fundi, hii redio yako imempiga mama yangu. Njoo!"

Nilipanda bodaboda. Tope lile, na mimi nasali njia nzima: Mungu wangu, asiwe amekufa.

Nilimkuta bibi huyo amekaa chini, ameegemea ukuta, mkono wa kulia umefungwa kanga. Umeme ulimpiga akifuta vumbi kwenye risiva kwa kitambaa chenye maji, miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji. Ndoo imepinduka, maji yametapakaa, na watu wamejaa sebuleni wanamtazama. Kitaa cha risiva kilikuwa bado kinawaka.

"Tokeni nje wote! Msiguse kitu!" Sijui sauti ile niliitoa wapi. Walipombeba bibi nje, nikasimama juu ya kigoda kikavu, nikagusa bodi kwa tesita. Kitaa kikawaka. Chuma chote kilikuwa na umeme. Nikakimbilia meni swichi, ile inayokata umeme wa nyumba nzima, nikazima.

Uani Baba Kulwa alikuwa anafoka. "Kuna mkono wa mtu hapa! Tumejenga, watu wanaona kijicho. Na ninamjua." Akatazama ng'ambo ya njia, kwa bibi mmoja Mfipa aliyekuwa anaishi peke yake na kishamba chake cha ulezi. Vijana wawili walishasimama, fimbo mkononi.

Naona aibu kuwaambia, lakini nilifikiri kunyamaza. Nikinyamaza, kazi ninayo na jina langu linabaki. Kisha nikaingia ndani, nikachomoa ekstensheni, nikatoka nayo uani, nikaifungua plagi mbele ya macho yao.

"Baba Kulwa, mwacheni bibi wa watu. Tazama waya huu. Umeme ulivuja ndani ya risiva, na huu ndio ungeupeleka ardhini, swichi ikajizima yenyewe. Niliukata mimi ili isivume."

Hakunipiga. Aliwaambia vijana waweke fimbo chini, na ningeona nafuu kama angenipiga. Mama yake ndiye aliyesema. Vidole vilikuwa havikunjiki, sauti iko chini.

"Mwanangu, na kwa wengine umekata?"

Nilimwambia Fundi Mkuu kwenye simu kwamba narudi kwa kila mteja. Akawaka. "Utalifunga duka! Mmoja kapigwa shoti, basi unataka mkoa mzima ujue?" Nikamjibu ndiyo. Kazi ikaishia hapo, na ndivyo nilivyostaafu, bila keki wala risala.

Nilikumbuka nyumba kumi na tisa nilizokata waya huo. Kila Jumapili baada ya misa nilibeba bisibisi na waya mpya, nikaenda: Msanzi, Kaoze, vijijini kote. Wengine walinikaribisha uji, wengine walinifukuza mlangoni, nikarudi tena Jumapili iliyofuata. Kila nilipokaribia nyumba nilitazama kwanza kama kuna turubai la msiba. Nilimaliza kumi na nane.

Ya kumi na tisa ilikuwa ya mtumishi mmoja wa Laela. Alikuwa amepata uhamisho wa ghafla, akauza seti yote kwa msafiri mwenye pikapu. Nilimpata kwa simu. Jina la mnunuzi hakuliuliza, alikokwenda hakukujua.

Sasa mimi ni mzee, nalima mahindi yangu, na wajukuu hawaelewi kwa nini nawagombeza wakigusa redio kwa mikono yenye maji. Vijana mlio kwenye kazi hii, tafuteni chanzo cha mvumo hata siku nzima iishe. Na wewe mwingine unayesoma, kama kwenu kuna ekstensheni nyeusi, plagi yake imezungushiwa utepe mwekundu, usiiguse. Zima meni swichi kwanza, kisha ifungue. Ukikuta waya wa kijani na njano umekatwa, ni mkono wangu.

Na kama imeshampiga mtu, njooni mniambie ni nani. Nataka kumjua.