Nyumba Haiombwi na Mtu Mmoja

Kwetu Bukavu mtu haendi kuomba jambo kubwa peke yake. Ukienda kuposa, unakwenda na wajomba, na shangazi mwenye mdomo, na jirani anayejua kukohoa pale mahari inapopandishwa mno. Wateja wangu wa Brussels walikuja kuomba mikopo ya nyumba kwa desturi hiyo hiyo, na nusura initoe kazini. Miaka imepita. Hasira haijapita, na sioni kwa nini nijisingizie vinginevyo.

Miaka ya tisini nilikuwa dalali wa mikopo ya nyumba. Nilimsikiliza mtu anayetaka kununua, nikapanga karatasi zake, nikazipeleka benki, kisha nikamletea ofa ya benki aisaini mbele yangu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Matonge, mtaa wa Wakongo, juu ya saluni, na harufu ya nywele zilizochomwa ilipanda ngazi kabla ya wateja. Kwa kuwa nilikuwa mgeni, nilitakiwa kuwa na kadi ya kufanya kazi ya kujitegemea, carte professionnelle. Bila kadi hiyo hakuna benki iliyogusa faili zangu. Na kadi ina mwisho wake. Ikiisha, unaanza upya kuthibitisha kwamba wewe si mwizi.

Kuipata mara ya kwanza kulinichosha hadi mifupa. Nilipeleka cheti cha mwenendo mwema. Nilipeleka diploma yangu ya uhasibu, wakaitilia shaka ingawa iliandikwa kwa Kifaransa hicho hicho chao. Kanisani waliniambia subira huvuta heri. Aliyeutunga msemo huo hakuwahi kukaa kwenye viti vya ofisi inayotoa kadi ile.

Wakati wa kuifanya upya ulipofika, nilikuwa na faili moja mezani iliyoninyima raha. Ilikuwa ya mjane wa kutoka Uvira aliyeosha na kulisha wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Alitaka nyumba ndogo Laeken, yenye ua wa kupanda lengalenga, mchicha wa kwetu, ili watoto wake wasihamishwe tena na mwenye nyumba yeyote. Benki ilikuwa karibu kukubali. Kadi yangu ikikataliwa, ofa yake ingekufa pamoja nayo.

Ndipo ofisi ya kadi ikamtuma polisi wa mtaa kukagua ofisi yangu. Alikuja Jumamosi, siku ambayo mjane alikuwa ameleta watu wake kuzungumzia mkopo. Wazee wa kwao wamekaa hadi kwenye ngazi, kreti ya soda iko chini ya meza, mandazi yako juu ya faili, na maman mmoja wa kanisani anafungua kikao kwa wimbo. Kiongozi wao, mzee aliyekuwa dereva wa lori Kivu na ambaye sote tulimwita tonton, yaani mjomba, alikuwa anapigania riba.

“Bon, ambia ile banque bapunguze kidogo. Hata mahari banapunguzaka!”

Polisi alitazama kofia ya tonton, akamuuliza yeye, kwa Kifaransa, kama ndiye bosi. Tonton akaninyooshea kidole. Polisi akanitazama mimi, akatazama mandazi, akaandika. Hakuuliza swali la pili. Nilimkaribisha soda akakataa.

Baadaye niliitwa kwenye ofisi ya kadi. Bwana aliyeshika faili yangu alinisomea ripoti bila kuinua macho: watu wengi, chakula, vinywaji, nyimbo.

“Bibi, pale ni ofisi ya mikopo au ni baa?”

Nilimweleza. Nilimwambia wale watu hawakuja kula. Kila anayekaa kwenye kikao kile anakuwa amekubali, mbele ya wenzake, kwamba mjane akiugua au akifukuzwa kazi, wao watachanga ili nyumba isichukuliwe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilimwambia hakuna mteja wangu aliyewahi kunyang’anywa nyumba, na sababu ni hao hao walioketi kwenye ngazi.

“Hilo limeandikwa wapi?”

“Haliandikwi.”

Akatabasamu. Nalichukia tabasamu lile mpaka kesho. Ni la mtu ambaye babu yake alikuja kwetu bila kuandikiwa barua na yeyote, akakaa.

Kadi waliifanya upya, lakini kwa muda mfupi na kwa sharti: nisipokee ofisini wateja kwa makundi, ila mhusika peke yake. Nilitaka kuichana mbele yake. Nilifikiria ua wa Laeken, nikasaini, nikatembea hadi kituo cha Porte de Namur nikitukana kwa lugha zote ninazozijua.

Ofa ya mjane ilipofika, nilimwambia aje mwenyewe. Alikuja amevaa kitenge chake cha sikukuu. Wazee wake walikuja pia, maana nani angewazuia? Niliwaomba wabaki chini. Mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua nyembamba ya Brussels isiyokwisha, nao wakajipanga ukutani mwa saluni chini ya miavuli, kama watu waliofukuzwa. Na aliyewafukuza ni mimi.

Mjane, aliyeniita yaya kama dada yake mkubwa, alishika kalamu, akaiweka.

“Yaya, mi siwezi. Bale bazee njo banashika maneno yangu. Niingie mu nyumba peke yangu sawa mwizi?”

“Ukikataa leo, ofa inakufa.”

“Basi ikufe.”

Nilitamani kumzaba kibao. Kisha nikaona kwamba nilikuwa namkasirikia yeye kwa sababu yule bwana wa kadi hakuwepo. Nikachukua ofa, nikachukua kalamu na ubao niliokatia nyanya za chakula changu cha mchana, nikamshika mjane mkono tukashuka ngazi. Sharti lilisema ofisini. Juu ya barabara halikusema kitu.

Tulisimama kwenye lami. Wazee wakatuzunguka na miavuli yao, maman akaanzisha wimbo, nikamsomea mjane ofa nzima kwa sauti, riba na yote. Alikuwa ameshaanza kusaini juu ya ubao ule nilipomwona polisi yule yule akivuka barabara kuja kwetu. Sikumzuia mjane. Alifika, akasimama pembeni, mvua ikimdondokea begani, akauliza tunafanya nini.

Tonton alisogeza mwavuli wake ukamfunika.

“Bon. Anasaini nyumba yake. Sasa na weye umeona, donc na weye uko temwa.”

Nilimtafsiria polisi maneno ya tonton: yeye sasa ni shahidi. Polisi hakuondoka mpaka mjane alipomaliza. Tonton akampa soda, naye safari hii akaipokea. Mimi sikumsamehe.