Bwana Vidudu na Beseni Lake Jeupe

Bwana Vidudu hupima afya ya kijito chetu kwa wavu, beseni jeupe na kijiko cha chai alichokitia kamba na kukivaa shingoni, utadhani maji yatamwibia. Hukunja suruali, akaingia, akakanyagakanyaga mawe ili vilivyojificha chini yake viporomokee wavuni. Kisha huchutama kwenye beseni, akavigeuza kimoja kimoja, akivinong'oneza kama anayembembeleza mtoto asiyetaka kuoga. Mimi mdomo wangu haujui likizo, humtania kwamba kaoa ukoo wa vidudu: "Shemeji, wakwe hawajambo leo?" Hucheka tu, akaandika, akarudisha kila kidudu chini ya mawe. Miezi minane aliandika minyoo myekundu tu, ile ipendayo maji machafu, na miezi minane nilikatazwa kumwagilia mboga zangu maji haya, kisa waosha magari waliokuwa wakimwaga uchafu wao kule juu ya kijito.

Jana chupa zake za kupimia uchafu wa maji zilishaonyesha ni safi, lakini hakuniruhusu mpaka wadudu nao waseme. Nikasimama na ndoo yangu, nimenuna. Mara huyu mtu wa kunong'ona akapiga ukelele: "Dada! Mikia mitatu! Wako sita!"

Nikainama. Vidudu vyembamba kama uzi, kila kimoja na mikia mitatu, ambavyo hakuwahi kuviona hapa tangu maji yachafuke, maana uchafu haviuwezi. Akavihesabu tena kwa ncha ya kijiko.

"Kwa hiyo nichote?"

"Ngoja kwanza." Akavirudisha vyote sita, taratibu, kwa adabu zote. "Haya, chota. Ila chotea kule chini, dada, usije ukanibebea wakwe."