Mfasiri wa Sinema wa Lindi

Enzi za gari la sinema, mfasiri wetu alisimama kando ya pazia jeupe, mkono mmoja sikioni, akitugeuzia Kiingereza cha makauboi. Sinema hizo zilikuwa na maneno mengi. Video zilipoingia Lindi zilileta ngumi tupu, na hakuna aliyemhitaji tena. Hata hivyo alikuja kwenye chumba cha video, akaketi mbele, midomo ikimchezacheza. Jumamosi moja mchana, mama mmoja Mchina kwenye video aliinamia mwanawe aliyeuawa, akawa analia huku akisema mengi. Wote tukamgeukia mfasiri.

"Huyu mama anasema nini?" Zeinabu, mwenye video, akamuuliza.

Mfasiri hakujua Kichina hata neno. Alisimama, akakohoa kidogo.

"Anamwambia, amka, chakula kinapoa."