Chelezo cha Pak Jumeri Hakitui

Kazi ya Pak Jumeri, kama ya baba yake, ilikuwa kuwavusha watu Mto Lirip kwa chelezo cha mianzi kinachovutwa kwa kamba, kutoka kitongoji chake cha Sumberlanang hadi Kedungriwut na kurudi. Msimu mmoja wa mvua mto ulifurika, ukachimba njia mpya nyuma ya Kedungriwut na haukurudi. Chelezo kikabaki mchangani, kamba bado imefungwa pande zote mbili.

Pak Jumeri aliendelea kwenda kazini, na watu wakaendelea kuvuka. Walipanda upande mmoja, wakauliza hali ya mkewe, wakashuka upande wa pili na kumwachia sarafu. Kumpita kwa miguu huku anakutazama kungekuwa utovu wa adabu. Ofisi ya wilaya nayo haikuona tatizo. Katika ramani yake mto ulikuwa palepale, na ofisa aliyetumwa kuukagua alikunja suruali hadi magotini kabla ya kukanyaga mchanga.

Mambo yangekwenda hivyo miaka na miaka kama binti yake, Tantri, asingechumbiwa na Galih wa Kedungriwut.

Watu wa ng'ambo mbili za Lirip hawaoani. Zamani, kabla ya Waholanzi, waasisi wa vitongoji hivyo walivusha nyati wawili wa kulimia, mmoja akazama, na kila mwasisi akashikilia kwamba aliyezama ni wa mwenzake. Tangu hapo ni mwiko. Lakini sasa mto ulikuwa nyuma ya akina Galih, na Pak Jumeri alikwenda na hoja hiyo kwa Mbah Ginah, bibi ambaye akishatamka jambo la mila hakuna anayebisha.

"Mbah, sisi na wao sasa ni ng'ambo moja."

Mbah Ginah alikuwa akimenya mihogo. "Jana ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Ukifanya nini?"

Pak Jumeri akaokota ganda la muhogo.

"Ulikuwa unavusha. Juzi umenivusha mimi mwenyewe, na hela yangu umeila. Leo unaniambia hapana mto? Mwizi wewe!"

"Na nikikihamisha chelezo?"

"Kikienda, mto umekwenda."

Nyumbani, mkewe Marsih hakuhitaji kufikiri. "Kumbe kinachomzuia mwanangu ni hiyo mianzi inayotagiwa na kuku? Si ukiondoe!"

"Nikikiondoa nitakuwa nani?"

"Baba wa bibi harusi."

Tantri yeye aliacha kumpelekea baba yake chakula cha mchana kazini.

Asubuhi ya harusi Pak Jumeri alifungua kamba. Wanaume wa vitongoji vyote viwili wakakibeba chelezo mabegani, yeye akiwa mbele, wakapita katikati ya Kedungriwut kuelekea kwenye maji mapya. Walikuwa karibu kukitua ukingoni pale Pak Sobirun, mjomba wa Galih, alipotokea mbio, msuli wake umekunjwa mkononi asije akajikwaa.

"Msitue hapo! Mwanangu kachumbia ng'ambo ya maji hayo!"

"Basi tutue wapi?"

"Popote!"

"Popote kitakapotua ni mto, mzee! Hujamsikia Mbah?"

Mbah Ginah aliletwa kwa pikipiki. Alikizunguka chelezo, akainama kutazama chini yake.

"Kimegusa ardhi?"

"Bado, Mbah. Mabega yanatuua!"

"Basi kwa sasa hakuna mto. Ozesheni upesi."

Kadhi aliitwa pale barabarani. Pak Jumeri, bega la kushoto likiwa chini ya mianzi, alitoa mkono wa kulia, Galih akaushika. Kijana alikosea jina la baba mkwe, na kadhi akamtaka arudie.

"Galih, ndugu yangu, sema vizuri!" mtu alilia kutoka nyuma. "Mimi mgonjwa wa mgongo!"

Mara ya pili alisema bila kuvuta pumzi. Mashahidi wakaitikia kwamba imeswihi, na wabebaji ndio waliopaza sauti zaidi. Pak Sobirun aliomba wamsubiri amlete mwanawe na mchumba wake. Aliambiwa maneno ambayo hayaandikwi gazetini.

Chelezo hakikutuliwa. Mbah Ginah alikubali kwamba nguzo si ardhi, wakakipandisha juu ya nguzo nne za mnazi, njia panda, na hapo kipo mpaka leo. Mwana wa Pak Sobirun ameshaoa. Ofisa wa wilaya alikuja tena, akatazama juu kwa muda, akavua viatu na kupita chini yake.

Pak Jumeri hupanda kwa ngazi kila asubuhi na kuketi kazini. Wapitao huuliza hali ya mkewe na kumrushia sarafu. Saa sita mchana Tantri hutoka nyumbani kwa mumewe, anakuja na wali uliofungwa kwenye jani la mgomba na tempe ya soya ya kukaanga, anaufunga kwenye kamba ya zamani, na baba yake anauvuta taratibu, kama alivyokuwa akivuta abiria.